Kwaya yote imehamia dirishani: ni spika, ni amplifaya au ni sebule?

alto_migosi (Kisumu)

Habari zenu wakuu. Nina swali la spika na naomba mnivumilie kwa urefu, maana niliuliza kwa ufupi kwenye kundi la WhatsApp nikajibiwa "nunua home theatre" na mjadala ukaishia hapo.

Nafundisha muziki shule ya upili hapa Kisumu, na kanisani naimba alto. Kwaya yetu tunairekodi kwa kirekodi kidogo chenye maikrofoni mbili, kinasimama kwenye stendi nyuma ya mwongozaji. Soprano wako kushoto, kisha sisi, kisha tenor, halafu besi kulia kabisa. Nikisikiliza kwa hedifoni kila mtu yuko pake. Kuna besi mmoja ambaye lazima akohoe kabla ya kila ubeti, na kikohozi chake nakisikia kule kule anakosimama. Sasa nikichomeka kirekodi hicho hicho kwenye amplifaya ya sebuleni, kikohozi kinatoka karibu na televisheni, na kwaya nzima imejazana dirishani kama watu wanaotafuta upepo.

Sebule yenyewe: nyumba ya kupanga, mabati juu na silingi bodi chini yake, sakafu ya vigae. Vigae ni vya sentimita 40, navihesabu 9 kwa 11, kwa hiyo ni kama mita 3.6 kwa 4.4. Spika ziko kwenye ukuta mfupi, moja kila upande wa televisheni, juu ya vistuli. Ya kushoto imekaa kwenye kona kabisa, dirisha kubwa la vioo liko ubavuni mwake. Ya kulia haina ukuta ubavuni, pale ni uwazi wa kuingia jikoni, hakuna hata mlango. Mimi hukaa mwisho wa kochi upande wa kushoto, kwa sababu upande wa pili ni wa baba watoto na rimoti yake.

Waya wa spika ya kulia ni mrefu kuliko wa kushoto kwa karibu mita 3, umezunguka nyuma ya kabati. Je, huo ndio unaomeza sauti?

jirani_lurambi (Kakamega)

Madam, si kuna nobu ya balansi? Zungusha kulia mpaka ukae sawa, umemaliza. Hiyo ndiyo kazi yake.

alto_migosi

Nilizungusha, jirani. Ikifika kama penye namba 2 ya saa ya ukutani hivi, besi wanasikika vizuri lakini soprano wamefifia, na katikati pamekuwa na ukungu. Sauti ya mwimbaji wa solo haikai mahali, mara iko hapa mara pale nikigeuza shingo. Kwaya imepungua nguvu upande mmoja lakini haijarudi kwenye nafasi zake.

fundi_bondeni (Nakuru)

Mwalimu, shikamoo za Bondeni. Nimetengeneza amplifaya tangu enzi za kaseti, na wateja wengi huingia dukani wakisema tu "inalia vibaya". Wewe umeleta kikohozi chenye anwani. Tufanye nacho kazi.

Kwanza tumalize la waya. Umeme unapita kwenye waya kwa kasi ambayo mita 3 hazina maana kabisa kwa sikio. Na kama ni waya wa kawaida wa spika, si ule mwembamba wa kengele ya mlangoni, nguvu inayopotea ni ndogo mno huwezi kuisikia. Acha waya ulale nyuma ya kabati.

Pili, kwa kuwa hedifoni kwenye kirekodi hicho hicho zinakupa kila mtu mahali pake, rekodi iko sawa. Wengine wanaosoma hapa na kutumia simu: ingieni kwenye mipangilio ya ufikivu, kuna kitelezi cha kusogeza sauti kushoto au kulia na swichi ya mono, yaani sauti ile ile pande zote mbili. Mtoto akichezea simu, kitelezi hicho husogea na hakuna mtu anayejua kipo. Nimeletewa amplifaya nzima kutoka Njoro kwa sababu ya kitelezi cha simu.

Sasa kazi. Zima amplifaya, chomoa plagi ukutani. Nyuma yake badilisha waya: wa spika ya kushoto uweke kwenye chaneli ya kulia, wa kulia uweke kushoto. Zingatia nyekundu ibaki kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi. Washa, cheza, kaa pale pale unapokaa siku zote.

Kwaya ikihamia upande wa jikoni, ugonjwa uko kwenye amplifaya au pini za kuingizia sauti. Hapo rudisha waya za spika, kisha badilisha zile pini nyekundu na nyeupe zinazotoka kwenye kirekodi. Ugonjwa ukihama nazo, ni pini au kirekodi. Usipohama, ni amplifaya yenyewe. Katika amplifaya mara nyingi huwa ni nobu ya sauti. Ndani ya nobu moja kuna vidhibiti viwili, kimoja cha kila chaneli, na vikiwa vya bei nafuu havifuatani vizuri pale mwanzoni mwa mzunguko. Ndiyo maana mtu anayesikiliza kwa sauti ya chini usiku analalamika upande mmoja umekufa, na mchana akiongeza sauti zote zinarudi. Pia nobu ikikwaruza unapoizungusha, ni vumbi, dawa ya kusafishia ya kupuliza hutosha.

Lakini kwaya ikibaki dirishani hata baada ya kubadilisha waya, amplifaya haina hatia. Badilisha masanduku ya spika yenyewe, ya kona iende jikoni na ya jikoni ije kona. Ikihama, spika moja ina kasoro, pengine twita, ile koni ndogo ya sauti za juu, imekufa. Ikibaki, ni sebule yako na mahali unapokaa. Kwa maelezo yako naweka dau hapo. Usiguse balansi kwanza, irudishe katikati.

otis_nyalenda (Kisumu)

Fundi, na kama ni masikio yake je? Mjomba wangu alibadilisha redio mbili kabla ya kwenda hospitali, wakamtoa nta ya sikio.

fundi_bondeni (Nakuru)

Swali zuri, Otis. Geuka, keti ukizipa spika mgongo. Kama ni sebule, sauti itabaki upande wa dirisha, kwa hiyo sasa itakuwa kwenye sikio lako la kulia. Kama ni sikio, itang'ang'ania sikio lile lile la kushoto hata ukigeuka. Ila mwalimu ameshasikiliza kwa hedifoni na zikawa sawa, hivyo masikio yake siyatilii shaka.

alto_migosi

Fundi, asante sana. Nimebadilisha waya: kwaya imebaki dirishani. Nimebadilisha masanduku, mtoto wa jirani akinisaidia kubeba: bado dirishani. Nimegeuka nikakaa kinyume, baba watoto akaniuliza kama niko sawa: bado dirishani. Kwa hiyo ni sebule. Sasa nafanyaje, nivunje ukuta wa mwenye nyumba?

fundi_bondeni (Nakuru)

Ukuta uache. Chukua uzi, si futi ya cherehani maana ni fupi. Kaa unapokaa, mtu ashike uzi puani pako na mwingine auvute hadi katikati ya spika ya kushoto, funga fundo. Kisha uzi huo huo hadi spika ya kulia. Niambie tofauti.

alto_migosi

Kushoto mita 4 kamili. Kulia mita 4.6. Sikutarajia iwe kubwa hivyo, kwa macho naona kama niko katikati.

fundi_bondeni (Nakuru)

Macho hufuata televisheni. Hapo ndipo kwaya yako ilipopotelea, na nitaeleza taratibu kwa sababu watu wengi wanadhani suala ni nguvu ya sauti tu.

Sentimita 60 hizo zina madhara mawili. La kwanza ni dogo: spika iliyo mbali husikika hafifu zaidi, na kwa umbali wako tofauti ni kama desibeli 1 na kidogo. Hilo balansi inaweza kulifidia. La pili ndilo kubwa. Sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde katika joto la sebule zetu, kwa hiyo sauti ya spika ya jikoni inakufikia ikiwa imechelewa kwa karibu milisekunde 1.7. Utasema hiyo ni nini? Kwa sikio ni nyingi. Sauti ikitoka ubavuni mwako kabisa, hulifikia sikio moja kabla ya lingine kwa kama milisekunde 0.6 au 0.7 tu, na kwa tofauti hiyo ndogo ubongo unajua mtu anakuita kutoka upande gani. Wewe unaupa ubongo zaidi ya mara mbili ya hiyo, kila noti, muda wote. Unaamua kwamba chanzo ni kule kulikotangulia. Mjerumani mmoja, Helmut Haas, alilichunguza jambo hili katika tasnifu yake ya 1949: sauti ile ile ikirudiwa baada ya kuchelewa kidogo, hata ikiwa na nguvu kuliko ya kwanza, sikio bado husema chanzo ni ile iliyotangulia.

Sasa unaona kwa nini nobu ilikuletea ukungu. Nobu inaongeza nguvu upande wa kulia, lakini haiwezi kuifanya sauti ifike mapema. Ubongo unaambiwa na nguvu kwamba mwimbaji yuko kulia, na wakati unasema yuko kushoto, ndiyo maana solo wako anatangatanga. Jirani wa Lurambi hakukosea kwamba balansi ipo kwa kazi hiyo, ila ni ya mwisho kwenye foleni.

Juu ya hapo una kona. Spika ikibanwa na kuta mbili, sauti nzito zinazotoka nyuma na ubavuni hurudishwa mbele na kujumlishwa. Kila ukuta ulio karibu unaweza kuongeza hadi desibeli 6 kwenye besi za chini kabisa. Ya kulia haina ukuta ubavuni, besi yake inaenda kusalimia sufuria jikoni. Halafu lile dirisha: kioo kinarudisha sauti kali za juu, zile "s" na "t" za soprano, zinakujia tena kutoka kushoto. Kulia hakuna kitu cha kuzirudisha. Kwa hiyo kila kitu katika sebule hiyo kinavuta upande mmoja. Ni bahati mbaya tu ya ramani ya mjenzi.

Dawa: vigae vyako vitumie kama karatasi ya hesabu. Ukuta wako mfupi una vigae 9, katikati ni kigae cha 5. Televisheni ibaki hapo. Katikati ya spika ya kushoto iwe sentimita 70 kutoka ukuta wa dirisha, ya kulia sentimita 70 kutoka mstari wa uwazi wa jikoni. Hapo zitaachana kwa mita 2.2. Zitoe pia ukutani nyuma, kigae kimoja hivi kwa kuanzia. Kisha wewe, pua yako iwe kwenye mstari wa kigae cha 5, umbali sawa kutoka kila spika. Ni pembetatu yenye pande mbili sawa, mwalimu anajua. Thibitisha kwa uzi, si kwa macho. Spika zigeuze kidogo zikutazame, na twita iwe usawa wa sikio ukiwa umeketi, karibu sentimita 90 hadi mita moja kutoka sakafuni, kutegemea kochi lako. Vistuli vya Kenya vingi ni vifupi. Tofali la saruji chini ya kila spika, na kipande cha kapeti juu yake lisikwaruze, linafanya kazi kuliko stendi za maduka.

Pazia zito la dirisha livutwe wakati wa kusikiliza. Pazia la shia peke yake halisaidii kitu, ni jepesi mno.

Na ukimaliza haya, usijaribu kwa kwaya kwanza. Fungua redio, mtangazaji mmoja akisoma taarifa, ubonyeze mono kama kitufe kipo. Mtu mmoja, sauti moja, inatakiwa itoke katikati ya televisheni kama pua ya mtu anayekutazama. Akiwa pembeni kidogo, *sasa* shika nobu ya balansi, nukta moja nukta moja.

otis_nyalenda (Kisumu)

Nimesoma yote nikiwa kwenye matatu na nimekosa steji yangu. Swali langu: mimi nina spika nzuri, zimekaa sawa, lakini nikicheza benga za zamani nilizorithi kwa mzee, kila kitu kinatoka katikati tu, magitaa, ngoma, sauti, vyote vimebanana. Halafu nina rumba moja ya zamani ambayo ngoma zote ziko kulia na waimbaji wote kushoto. Spika zimeharibika?

fundi_bondeni (Nakuru)

Hapana, Otis. Hizo benga ni mono. Mwingereza Alan Blumlein aliandikisha hataza ya stirio mwaka 1931, lakini santuri za stirio zilianza kuuzwa kwa watu mwaka 1958 hivi, na santuri ndogo za huku kwetu nyingi ziliendelea kuwa mono muda mrefu baada ya hapo. Mono kwenye spika mbili zilizokaa vizuri *inatakiwa* itoke katikati. Kama ingetoka pembeni ndio ungenipigia simu. Na ile rumba, wahandisi wa miaka ya 60 wengi walikuwa na mtindo huo, ngoma huku, waimbaji kule. Ukiweka balansi ili "kuirekebisha" utaharibu nyimbo nyingine zote. Iache.

Ila jaribu kitu kimoja. Cheza hizo mono, ukae katikati. Sauti ikiwa nyembamba, haina besi, na inaonekana inatoka kila mahali na hakuna mahali, basi spika moja imefungwa kinyume, nyekundu imeingia kwenye nyeusi. Koni moja inatoka nje huku nyingine inaingia ndani, na besi zinauana hewani. Kosa hili nalikuta nyumba nyingi, hata zenye vyombo vya bei kubwa, hasa waya ukiwa na rangi moja pande zote mbili. Ukitaka uhakika, chukua betri ya volti 1.5, waya zikiwa zimetolewa kwenye amplifaya, gusisha mara moja tu: chanya kwenye waya unaodhani ni wa nyekundu. Koni ya besi ikiruka mbele, uko sawa.

otis_nyalenda (Kisumu)

Besi zipo. Basi ni mono yangu tu ya urithi. Asante mzee.

alto_migosi

Ripoti ya Migosi. Nimehamisha spika kwa vigae kama ulivyosema, tofali mbili kila upande kwa sababu vistuli vyangu ni vya kukatia mboga kwa kweli. Mazungumzo na baba watoto yalikuwa marefu kuliko kazi yenyewe, kwa sababu kiti cha katikati sasa ni changu. Tumekubaliana mpira ukianza nahama.

Uzi unasema tofauti ni chini ya sentimita 2. Balansi katikati kabisa. Mtangazaji wa taarifa ametoka katikati ya televisheni. Na kwaya! Besi wamerudi kulia. Soprano si dirishani tena bali ndani kidogo ya spika ya kushoto. Yule wa kukohoa anakohoa mahali pake, hata baba watoto alimtambua. Nimemsikia pia mwenzangu wa alto akianza nusu mpigo kabla yetu, kitu ambacho kwa hedifoni sikuwahi kukigundua.

Kilichobaki ni viwili. Mtangazaji bado ameegemea dirishani kidogo sana, kama upana wa kiganja, hasa kwenye "s". Na besi ya chini imekuwa nzito ajabu nikiegemeza kichwa ukutani nyuma, ila nikiinama mbele inapungua. Hiyo nayo ni spika?

fundi_bondeni (Nakuru)

Hongera mwalimu. La kiganja ni kioo. Vuta pazia zima, si nusu. Lisipotosha, hapo nakuruhusu nobu ya balansi, nukta moja kulia na usisogeze tena. Ukifua mapazia, usishangae likirudi.

La besi si spika, ni urefu wa chumba. Sauti nzito zinakwenda ukutani na kurudi, na kwenye ukuta zinajumlishwa. Kwa chumba chako cha mita 4.4 sauti ya kwanza inayorundikana hivyo huangukia karibu na hezi 39, yaani mitetemo 39 kwa sekunde, na inayofuata ni maradufu ya hiyo. Kichwa kikiwa ukutani unasikia rundo lote. Kochi lisogezwe mbele kigae kimoja au kimoja na nusu, mto mkubwa nyuma ya kichwa hausaidii besi kabisa. Ukisogeza kochi, sogeza na spika kidogo ili pembetatu isiharibike, na uzi upimwe upya. Usikae pia katikati kabisa ya urefu wa chumba, huko ile ya kwanza hupotea na utaniuliza besi wako wameenda wapi.

jirani_lurambi (Kakamega)

Nimejaribu ya uzi na mimi. Tofauti yangu ni mita moja nzima, spika moja iko juu ya friji. Mke wangu amekataa ishuke.

fundi_bondeni (Nakuru)

Basi hiyo nyingine nayo ipandishe juu ya kabati, kimo kimoja na ya friji, uziinamishe zote zikutazame. Kochi lihamie mahali ambapo uzi unalingana. Mke hajasema lolote kuhusu kochi.

alto_migosi

Nimesogeza kigae kimoja na nimepima. Besi imetulia. Mvua imeanza kugonga mabati sasa hivi, kwa hiyo balansi nitaijaribu kesho asubuhi kabla ya shule.